Pete inabana au inapwaya? Soma hapa kabla hujaikabidhi kwa sonara

Mteja akifika kwa sonara hapa Tabora na pete inayobana, mara nyingi kazi huisha kwa dakika tano. Pete inaingizwa kwenye fimbo ya chuma iliyochongoka, inagongwa nyundo mara kadhaa, inarudishwa kidoleni. Imeingia, mteja amefurahi, amelipa. Baada ya miezi michache pete ileile ina ufa upande wa kiganja, au imekuwa nyembamba kiasi cha kukata ngozi. Pete haijawa mbovu. Dhahabu ileile ya mwanzo imelazimishwa kufunika mzunguko mrefu zaidi, na ilikotoka imepungua.

Ukitaka pete iwe kubwa, iongezewe dhahabu. Ukitaka iwe ndogo, ipunguzwe. Urefu wa kinachoongezwa au kupunguzwa unahesabika, uzito wake unahesabika, na mwenye pete anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hajafika dukani. Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye pete alijue, kwa sababu kazi hii hufanyika nyuma ya meza na wengi hupokea kwa imani tu.

Tuanze na kidole. Kipimo cha pete hakichukuliwi pale pete inapokaa peke yake, kinachukuliwa pia kwenye kifundo, kwa sababu pete lazima ipite hapo. Kata kipande cha karatasi chenye upana wa milimita 4 hivi, kizungushe kwenye kifundo kikiwa kimegusa ngozi bila kuibana, weka alama pale ncha zinapokutana, kinyooshe juu ya rula. Usitumie uzi. Uzi unavutika, na milimita 1 ya kosa kwenye mzunguko inatosha kufanya pete ipwaye. Ukipata milimita 57, gawanya kwa 3.14: kipenyo cha ndani ni milimita 18.1. Kwa namba za Marekani, ambazo utazikuta kwenye vipimo vingi vya masonara, hiyo ni namba 8. Namba 7 ina kipenyo cha milimita 17.3. Kutoka namba moja hadi nyingine ni milimita 0.8 za kipenyo, yaani milimita 2.5 za mzunguko.

Kidole chenyewe hakitulii. Asubuhi ya Juni au Julai, Tabora ikiwa na baridi, vidole vinasinyaa. Mchana wa Oktoba, au ukitoka shambani ulikoshika jembe saa tatu mfululizo, vidole vimevimba. Ukipima katika hali yoyote kati ya hizo utajuta katika hali ya pili. Pima jioni, mikono ikiwa imepumzika na si ya baridi, na upime mara mbili kwa siku tofauti. Mama mjamzito asubiri. Pete ikimbana aivue aivalie kwenye mkufu, ataipima miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kama pete ni pana, milimita 6 na kuendelea, inashika ngozi nyingi zaidi na itahisi imebana kuliko ile nyembamba ya namba hiyohiyo, kwa hiyo ongeza robo au nusu namba.

Wako wenye kifundo kinene na shina la kidole jembamba, hasa watu wazima na wale ambao kazi ya mikono imewakomaza viungo. Pete ikipita kwenye kifundo inazunguka ovyo huko chini, jiwe linaangalia kiganja. Usiruhusu ipunguzwe hadi ishindwe kutoka. Mwambie fundi aipime kwa kifundo, kisha aunganishe ndani ya pete vitone viwili vidogo vya dhahabu, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa sehemu ya chini kabisa. Vitone hivyo vinapita kwenye kifundo ukisukuma kidogo, halafu vinakaa kwenye nyama laini na kuzuia pete isizunguke. Ni kazi ndogo, na wateja wachache mno wanaiulizia.

Sasa pete yenyewe. Kabla ya moto, fundi mzuri anaichunguza, na wewe unaweza kuanza nyumbani. Angalia ndani kuna muhuri gani: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, 925 ni fedha. Muhuri si uthibitisho, kwa kuwa yeyote anaweza kuugonga. Sonara atachora mstari mdogo kwa pete kwenye jiwe jeusi la kupimia na kuudondoshea asidi. Mstari ukifutika, dhahabu haifikii karati ya asidi ile. Pete iliyochovywa dhahabu juu utaitambua kwenye kingo za upande wa kiganja, pale inaposuguana na kila kitu: utaona wekundu wa shaba au weupe. Hiyo ikipigwa moto rangi inaondoka, na kuichovya upya ni gharama nyingine. Pete za chuma kisichoshika kutu hazifai kwa kazi hii katika karakana ya kawaida. Zile nzito za rangi ya kijivu zinazoitwa tangisteni hazikatwi wala hazipanuliwi. Zikibana zinavunjwa tu.

Pulizia pumzi ya mdomo kwenye pete na uitazame wakati ukungu unaondoka. Kama iliwahi kukatwa, mara nyingi utaona mstari ambako ukungu unatoka kwa kasi tofauti au rangi inabadilika kidogo. Hapo ndipo pa kukata tena. Hakuna haja ya pete kuwa na maungo mawili. Na kama mstari huo ni mweupe na laini, unakwaruzika kwa kucha au kwa ncha ya sindano, simama. Hiyo ni lehemu ya risasi na bati, ileile ya mafundi redio. Risasi ikipata moto juu ya dhahabu inaila, inaingia ndani, inaacha vishimo, na dhahabu inakuwa ya kuvunjika kama biskuti. Lazima ikwanguliwe yote kabla tochi haijawashwa, au kipande chote kile kikatwe kitupwe. Mwambie fundi wazi kama pete iliwahi kuungwa hivyo. Ukinyamaza, hasara ni yako.

Pima pia unene wa upande wa chini. Pete ya bibi iliyovaliwa miaka 40 inaweza kuwa milimita 2 juu na milimita 0.8 chini. Ikifika chini ya milimita 1, usikubali kiraka kidogo katikati ya chuma kilichokwisha. Kitakachovunjika ni pembeni mwa kiraka. Hapo hubadilishwa nusu nzima ya chini kwa dhahabu mpya ya unene sawa. Inagharimu zaidi kwa sababu dhahabu ni nyingi, lakini pete inapata maisha mengine.

Kugonga kwenye fimbo bila kukata kunafaa wapi? Pete nzima isiyo na jiwe wala nakshi, ya unene wa kutosha, ikihitaji nusu namba. Basi. Tena fundi aipashe moto kwanza ilainike, kisha aigonge kidogo kidogo akiigeuza upande wa pili, kwa sababu fimbo imechongoka na pete isipogeuzwa inakuwa pana upande mmoja. Pete iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo ndani usivyoviona. Ukiivuta, ufa unaanzia hapo.

Hesabu sasa. Tuseme pete yako ni karati 18, upana milimita 4, unene milimita 1.5, na inatoka namba 7 kwenda namba 8. Kipande cha kuongeza kina urefu wa milimita 2.5. Zidisha 2.5 kwa 4 kwa 1.5, unapata milimita za ujazo 15. Dhahabu ya njano ya karati 18 ina uzito wa karibu gramu 15.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho ni takriban gramu 0.23. Kwa karati 22 kingekuwa karibu gramu 0.27, kwa karati 9 karibu gramu 0.17. Pete iliyoingia na gramu 5.50 itoke na gramu 5.70 hivi, kwa sababu tupa na msasa vinakula kidogo. Ikitoka na 5.50 ileile, imevutwa, haikuongezwa. Ikipunguzwa kutoka namba 8 kwenda 7, hesabu ni hiyohiyo kinyume chake, na kile kipande kilichokatwa ni mali yako. Kiombe. Anayekitaka akitoe kwenye bei ya kazi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza dukani ni hii: “Fundi, naomba uipime mbele yangu, uandike.” Mizani iwe inayosoma gramu 0.01. Fundi mwaminifu hakasiriki, maana karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Bei nayo igawanywe sehemu mbili: ufundi, na dhahabu iliyoongezwa kwa gramu. Bei moja ya jumla inakuficha usijue ulichonunua.

Wengine huja na dhahabu yao ya kiraka. Kipande cha hereni iliyokatika kinafaa, mradi karati ni ileile. Karati ileile bado inaweza kuwa na rangi tofauti: yenye shaba nyingi ni nyekundu, yenye fedha nyingi inaelekea kijani, na kiraka kitaonekana milele. Kilinganisheni na pete nje, kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya duka. Dhahabu mbichi ya wachimbaji wadogo, kama ile ya Nzega, msiitumie kabisa. Karati yake haijulikani, na ikiwa ilikamatwa kwa zebaki, tochi itatoa mvuke wa sumu ndani ya kibanda ambacho fundi anashinda humo kutwa. Mahali pa dhahabu hiyo ni soko la madini, kwa utaratibu wa sheria.

Na kuna kitu cha Tabora hasa. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipiga hapa, kwa mitambo ya karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Uzito wake ni gramu 7.168 na dhahabu yake ni 750, karati 18 ileile ya pete nyingi za ndoa. Ikitokea familia inayo, isikatwe kamwe kuwa kiraka. Ikibaki sarafu, ina thamani kubwa mno kuliko dhahabu iliyomo. Nakala za bandia nazo ni nyingi, kwa hiyo ipimwe kwanza na anayezijua sarafu.

Turudi mezani. Fundi anakata kwa msumeno wenye uzi mwembamba, upande ulio mkabala na jiwe, akikwepa muhuri. Kama kuna jina au tarehe iliyochongwa ndani, piga picha kabla, maana herufi zinaweza kuangukia kwenye mkato. Ncha mbili zinanyooshwa kwa tupa hadi ziwe sambamba, na kiraka kinakaa katikati kwa kubanwa na pete yenyewe. Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Ukiinua pete mbele ya dirisha usione mwanga kati ya ncha na kiraka. Solda, yaani madini ya kuungia yanayoyeyuka kabla ya pete, haizibi nafasi, inapenya tu mahali palipogusana. Fundi anayejaza pengo kwa solda nyingi anakupa kiungo chenye vitundu kitakachobadilika rangi na kuachia.

Solda iwe ya karati ya pete. Solda ya fedha kwenye pete ya dhahabu inaacha uzi mweupe, na ni dhaifu kuliko pete. Solda nyingi za zamani zilichanganywa kadimiamu, metali yenye sumu, ili ziyeyuke upesi, na moshi wake unaharibu mapafu na figo za fundi. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Ya njano ya karati 18 huyeyuka mapema, mara nyingi chini ya nyuzi 950, na solda ngumu ya karati hiyo inatiririka chini kidogo ya hapo. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Pete inawekwa juu ya kipande cha mkaa. Mkaa mzuri wa miti migumu, usiopasuka-pasuka, ni kitako bora cha kazi hii, kwani unarudisha joto na kupunguza hewa inayoitia pete weusi. Kiungo kinapakwa uji wa boraksi, unga mweupe unaosaidia solda itiririke. Moto unazungushwa pete nzima. Ukielekezwa kwenye kiungo peke yake, kiraka chembamba kinaungua kabla pembeni hakujapata joto. Tazama boraksi: kwanza inachemka na kuvimba nyeupe kama povu, inaweza hata kusukuma solda itoke mahali pake, kisha inanywea, inalala, inakuwa kioo chenye kung’aa. Pete inaanza wekundu hafifu unaoonekana vizuri kivulini, na ndiyo maana sonara hafanyi kazi hii juani. Halafu ghafla, kwa kufumba na kufumbua, uzi wa mng’ao unakimbia kutoka juu ya kiungo hadi chini. Solda imetiririka. Moto uondoke sekunde hiyo. Ukibaki, kingo za pete zinaanza kuwa za mviringo na hilo halirudi.

Pete ikipoa inaingia kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, asidi sehemu 1 kwa maji sehemu 10, ya vuguvugu, ili boraksi na weusi vitoke. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi itakurukia usoni. Shabu iliyoyeyushwa katika maji ya moto nayo inafanya kazi hiyo, polepole lakini kwa usalama zaidi. Koleo la kuitolea liwe la shaba au la mti. Koleo la chuma likigusa humo, pete inatoka na rangi ya waridi, shaba imeikalia juu. Kisha inasuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo, inarudishwa kwenye fimbo na kugongwa kwa nyundo ya mbao hadi iwe duara, inapigwa tupa, msasa wa 400, 600, hadi 1200, na kung’arishwa.

Mawe ni habari nyingine, na huku ndiko hasara kubwa hutokea. Almasi inastahimili, lakini ikiachwa wazi kwenye moto uso wake unapata ukungu. Hufunikwa kwanza kwa asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti. Yakuti safi inavumilia. Tanzanite haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto, inapasuka. Zumaridi ina nyufa za asili ndani, mara nyingi zimejazwa mafuta. Lulu, marijani na feruzi haziguswi na moto hata kidogo, wala asidi. Kwa hayo yote jiwe linatolewa kwanza. Wengine huzungushia karatasi iliyolowa au kulizamisha jiwe ndani ya kiazi kibichi huku wakichoma upande wa pili. Kwa pete ndogo siuamini utaratibu huo, kwani dhahabu inapitisha joto haraka mno. Na hakuna pete yenye jiwe inayochovywa majini ikiwa ya moto, hata kama jiwe ni zirkoni ya bandia.

Kwa pete yenye mawe, usizidi namba mbili juu au chini. Mduara ukibadilika, kichwa kilichotengenezwa kwa mpindo mmoja kinalazimishwa mpindo mwingine: ukipanua, kucha zinazoshika jiwe zinafunguka, ukipunguza, mawe madogo ya mabegani yanasukumana na moja linaruka. Iliyozungukwa na mawe pande zote haina pa kukata. Dhahabu nyeupe nyingi imechovywa rodiamu, metali nyeupe yenye kung’aa, na ukiipiga moto kiungo kitatoka na umanjano. Uliza kabla ya kuiacha kama fundi ana uwezo wa kuichovya upya. Kama hana, ipeleke kwa mwenye nao.

Siku ya kuchukua usivae ukaondoka. Ipimwe tena kwenye mizani, ulinganishe na karatasi. Iweke kwenye kioo cha meza: ikilala bila kuyumba, haijapinda. Pulizia pumzi, tafuta kiungo, pitisha ukucha juu yake ndani na nje, usikwame. Ivae, kunja ngumi, ifungue, kisha vua pete. Inapaswa kuingia kwa kusukuma kidogo na kutoka kwa kuzungusha kidogo. Kisha isogeze sikioni, ishike kwa vidole viwili na uigonge taratibu kwa kidole cha mkono mwingine. Jiwe lililolegea linatoa mlio mdogo, kama punje ya mtama ndani ya kibuyu. Ukiusikia, mrudishie fundi hapohapo akaze kucha, na ugonge tena kabla hujatoka.